Kamera ya Kuzamisha Lamboni

Baba yangu hajala bomba. Naanza na hilo kwa sababu mwaka ule wa 2004, kutoka stesheni ya Gulwe mpaka kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kila niliyekutana naye alikuwa na hakika kwamba amelila. Walinisalimu kwanza. Wakauliza habari za Dodoma, habari za kazi, habari za safari, wakamaliza salamu zote kama watu waliolelewa vizuri, ndipo wakasema: "Pole, mwanetu. Tumesikia ya mzee Yotham na bomba." Pole! Mtu anakumwagia tope, kisha anakupa pole kwa kuchafuka.

Lambo letu lilichimbwa mwaka uliotangulia. Zamani serikali ingelichimba yenyewe, vizuri au vibaya, na tungejua wa kumlalamikia. Lakini hizi zilikuwa zama za soko huria, kila kazi kwa tenda, na tenda ya lambo letu aliipata mkandarasi mmoja aitwaye Filipo, mtu mwenye gari jeupe na simu mbili. Wanakijiji walitoa nguvu zao: wanaume walibeba mawe, wanawake walibeba mchanga. Kazi ya Filipo ilikuwa kujenga tuta, kusimamisha mnara mfupi wa zege ndani ya lambo, na kulaza bomba la inchi sita kutoka kwenye mnara ule, lipite chini ya tuta, litokee upande wa pili penye koki. Hivyo akina mama wangekinga maji safi kidogo bila kuingia topeni pamoja na ng'ombe. Mvua zikaja, lambo likajaa, koki ikafunguliwa mbele ya watu wote na vigelegele juu. Akatoka mjusi.

Filipo hakuona haya. Alisema bomba lake ni zima, ila kuna mtu amefungua chujio la chuma lililokuwa mdomoni mwa bomba, chini kabisa mnarani, akaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na sasa tope limeziba njia. Mtu gani? Hapo akatoa karatasi. Ilisema bomba na chujio vimepokelewa na kufungwa mahali pake, na chini yake kulikuwa na saini ya mwenyekiti wa kamati ya maji. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa baba yangu.

Hasira yangu inagawanyika hapo, sehemu kubwa kwa Filipo na kipande kwa baba. Maana kweli alisaini. Filipo alikuja nyumbani siku hiyo saa saba mchana, saa ambayo hakuna Mgogo mwenye akili atakayemwacha mgeni aondoke na njaa. Mama akachinja kuku. Filipo akala ugali wa mtama akashiba, akala mlenda, akausifia, akanawa mikono, ndipo akatoa karatasi mfukoni. Kwetu mgeni aliyekula nyumbani mwako humhesabii vitu mbele yake. Ukimwambia "ngoja kwanza nikaone," umemwambia kwamba umemlisha mwizi. Baba akasaini, vidole vikiwa bado na maji ya kunawia. Filipo aliijua desturi hiyo vizuri, na alichagua saa ya kuja.

Sasa mwenyekiti wa kijiji, mzee Bartolomayo, alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi ya pili kutoka siku niliyofika utafanyika mkutano wa hadhara, injinia wa wilaya atakuwepo, na baba atalipa ng'ombe saba au atapelekwa polisi. Baba alikuwa na ng'ombe saba. Si sita wala wanane. Mtu alikuwa amehesabu zizi letu kabla ya kuhesabu kosa. Na baba, ambaye kwa miaka ishirini ndiye aliyekuwa anafungua mikutano ya kijiji kwa sauti inayofika mpaka shuleni, alikuwa ameacha kusema. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanyamaza mpaka jioni.

"Kwa nini wasiingie majini wakaangalie?" nilimuuliza mama. Mama yangu anaitwa Anyesi, na hana subira na maswali.

"Vijana wawili waliingia. Mmoja alipapasa kwa miguu akasema kuna tundu. Mwingine akapapasa akasema hakuna tundu. Wakapigana."

"Basi walikaushe lambo."

"Halafu ng'ombe wanywe nini mpaka Novemba? Machozi yako?"

Nikaenda kulitazama. Nilimkuta Filipo juu ya tuta, amekuja kumwonyesha mtu fulani kazi yake ili apewe tenda nyingine. Sikumsalimu. Nilimuuliza yuko tayari kuonyesha mdomo wa bomba ulipo. Alicheka kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionichoma.

"Dada yangu, kitu kipo chini ya maji. Nani atakiona?"

Huyo hakujua anaongea na nani. Mimi Zipora nina studio ya picha Miyuji, mjini Dodoma. Nimepiga picha harusi, misiba, pasipoti, watoto wasiotaka kukaa, na wabunge wanaotaka waonekane wembamba. Kuona kwa niaba ya watu ndiyo kazi inayonilisha. Nikamwambia, "Mimi," nikageuka, nikarudi Dodoma na treni ya kwanza.

Siku ya pili asubuhi niliingia dukani kwa Abdulnasiri, karibu na Jamatini. Babu yake alikuja na misafara akauza shanga, baba yake akauza vitambaa, yeye anauza redio, saa, simu na chochote kinacholetwa kutoka Dubai kwenye sanduku lisilo na maelezo. Ni mtu mzima, mkarimu wa maneno, na mwizi wa kiasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo umenuna. Nani amekuudhi nimpelekee kahawa?"

"Nataka kamera ya kupiga picha ndani ya maji."

Alinitazama, akatazama nje barabarani ambako vumbi lilikuwa linapita na mbuzi, akanitazama tena. "Ndani ya maji," akasema. "Dodoma."

"Unayo au huna?"

Alikuwa nazo. Abdulnasiri huwa nacho kitu, tatizo ni kukitoa kwake. Kwanza aliniwekea mezani kamera ya mkanda iliyofungwa kwenye ganda la plastiki, ile ya kutumia mara moja na kutupa, ambayo watalii huachia hotelini Unguja. Ilikuwa rahisi kama chapati. Nikamwambia haifai. Ina picha ishirini na saba, lazima mkanda uende kusafishwa, na mimi nilitaka watu waone palepale kabla hawajapata nafasi ya kubadilisha maneno. Tena haioni kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja.

Ya pili ilikuwa kamera mpya ya dijitali, megapikseli tano, na kasha lake la kuzuia maji, vimetulia ndani ya boksi kama maharusi. "Hii inazama mita arobaini," alisema kwa sauti ya kuhubiri. "Arobaini! Papa anakuona wewe kabla wewe hujamwona."

"Lambo letu lina mita tatu, mzee. Papa hakuna. Kuna kambare." Akataja bei, nikamwomba airudishe ndani kabla sijaigusa.

Akaleta mfuko laini wa plastiki wenye kidirisha cha kioo, akasema huo unameza kamera yoyote ndogo. Niliushika, nikauvuta kwenye mshono, nikaona uzi. Nilimuuliza kama yeye angeweka simu yake humo na kuitupa kisimani. Akacheka, akaurudisha. Nilikuwa nimeshaanza kupandwa na hasira ya aina nyingine sasa, ile ya mnunuzi anayejua anachotaka na kuona jinsi anavyozungushwa. Nikamwambia, "Mzee, nina siku kumi. Baba yangu anaitwa mwizi. Toa ulichoficha."

Ndipo akaingia nyuma ya pazia akatoka na kamera ndogo ya dijitali, megapikseli tatu, iliyotumika, pamoja na kasha gumu la plastiki angavu. Alisema iliachwa na Mjerumani aliyeishiwa nauli. Alikuwa ameiweka kando kwa sababu kasha lilikuwa na mikwaruzo mbele, palepale penye kidirisha cha lenzi, na kila mteja alikuwa akiitazama anairudisha.

Niliifungua polepole. Jambo la kwanza nililoangalia ni kama kasha ni la kamera ileile, maana kasha hutengenezwa kwa kamera moja tu, na likikosea hata unene wa kucha vitufe havibonyezeki. Lilikuwa lake. Vitufe vyote vilibonyea. Kamera ilikuwa na alama ya ua, yaani inaona kitu cha karibu, na ilikuwa na saa ya kujipiga yenyewe baada ya sekunde kumi. Raba ya kuzibia mlango wa kasha ilikuwa kavu lakini haina ufa. Na mikwaruzo ile, nilipopitisha kucha, ilikuwa ya nje. Hapo moyo wangu ukaruka, na uso wangu nikauacha umenuna vilevile. Mkwaruzo wa nje, kasha likizama, maji huujaza na lenzi haiuoni tena. Mkwaruzo wa ndani ndio ugonjwa. Abdulnasiri hakulijua hilo, na mimi sikuwa mwalimu wake siku hiyo.

"Imekwaruzika," nilisema kwa huzuni.

"Kidogo."

"Mzee, hii ni makovu matupu."

Tulibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Mwishowe nilimpa kamera yangu ya mkanda pamoja na flashi yake kubwa, vile vitu vilivyonipigia harusi miaka tisa, akanipa ile ya Mjerumani na kasha na betri nne za kuchaji. Nilipofika mlangoni aliniita akanipa kopo dogo la mafuta ya mgando. "Paka raba isivuje." Nikamrudishia. Mafuta hayo hula raba, na raba ya kasha hupakwa silikoni. Nilijua kila kitu, mimi. Nakumbuka nilivyotembea kurudi Miyuji nimejaa ujuzi wangu.

Nyumbani nilijaza ndoo maji ya bomba, nikaweka karatasi ya chooni ndani ya kasha bila kamera, nikalifunga, nikalizamisha na jiwe juu yake tangu asubuhi mpaka saa kumi. Karatasi ikatoka kavu. Nikaweka kamera, nikapiga picha sarafu iliyolala chini ya ndoo. Mwenge uliochorwa juu yake ulionekana mpaka ncha za moto. Nililia kidogo kwa furaha, halafu nikaikaza kamera kwenye ufito mrefu kwa waya na mpira wa tairi, nikafungua, nikafunga, nikafanya mazoezi uani mpaka majirani wakaja kuuliza kama ni kazi ya Tume ya Uchaguzi.

Siku mbili kabla ya mkutano nilikuwa lamboni, mimi na mama. Kutoka kwenye tuta kuna daraja dogo la zege linalofika mnarani, na ubavuni mwa mnara zimechorwa namba nyekundu za kupimia kina. Maji yalikuwa kwenye namba tatu. Kwa mchoro wa kazi uliokuwa ofisini kwa Bartolomayo, mdomo wa bomba ulipaswa kuwa chini ya namba moja. Nilipiga magoti darajani, nikabonyeza saa ya kujipiga, nikazamisha ufito. Sekunde kumi. Nikautoa.

Kwenye kioo cha nyuma cha kamera kulikuwa na chai ya maziwa.

Nikafuta, nikarudia. Chai ya maziwa. Nikawasha flashi. Ikawa mbaya zaidi, vumbi la tope liliwaka mbele ya lenzi kama mbu kwenye taa ya karabai. Nikapiga kumi na tano. Zote zilikuwa hivyohivyo. Kasha lilikuwa kavu kabisa, kamera nzima, raba safi, kila nilichokiogopa hakikutokea. Nilikuwa nimeogopa maji yasiingie. Sikukumbuka kabisa kwamba maji ya kwetu hayapitishi macho.

Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu bado linaniuma. Nimekunywa maji ya aina ile miaka kumi na sita. Nimeyachota kwa kata, nimeyachuja kwa kitenge, nimeyasubiri yatulie mtungini mpaka tope lilale chini. Miaka kumi na minane ya koki ya Miyuji ikanifuta rangi yake kichwani. Mtu wa pwani angeweza kukosea hivyo tukamcheka. Mimi ni binti wa pale.

Mama alitazama kile kioo kidogo, akanitazama mimi. "Umeuza kamera ya kazi ili uje kutupiga picha ya tope? Tope tunalo hapa, tungekuonyesha bure."

"Mama, niache."

"Nikuache wapi? Keshokutwa ng'ombe wanaondoka. Ulikuwa na siku zote hizo, hukuuliza hata mtu mmoja maji yana rangi gani!"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba kama asingemchinjia kuku yule mwizi pengine tusingekuwa pale. Neno likishatoka halirudi. Nilichukua chupa yangu ya maji ya kunywa, nikaitupa kwa hasira kwenye ndoo ya maji ya lambo iliyokuwa pembeni yetu, nikakaa nimempa mgongo.

Baada ya muda nikasikia, "Zipora. Njoo utazame."

Alikuwa ameinama juu ya ndoo. Ameikandamiza ile chupa wima mpaka chini. Pembeni ya chupa maji yalikuwa kahawia kabisa, lakini ukitazama kupitia chupa yenyewe, pale kitako chake kilipogusa chini ya ndoo, maandishi ya kiwandani ya ndoo yalisomeka moja baada ya jingine. Maji meupe ya ndani ya chupa yalikuwa yamelisukuma tope pembeni.

"Maji meupe unayo," mama alisema. "Hayako mahali pake tu." Hakutabasamu. Alikuwa bado amekasirika kwa lile neno la kuku, na alikuwa na haki.

Tulikimbia nyumbani. Kitanda cha mama kina godoro ambalo kaka yangu alimletea kutoka Morogoro, na kama ilivyo kwetu, godoro jipya halivuliwi nailoni yake, hulaliwa nayo miaka ili lisizeeke, hata kama linapiga kelele kila ukigeuka. Mama alikuwa ameilinda nailoni ile mwaka wa tatu sasa. Siku ile aliivua mwenyewe, akaikata kwa kisu. Tulitengeneza mfuko wa tabaka mbili, mrefu wa shubiri mbili, mdomo wake tukaufunga kwa mpira wa tairi kuzunguka kasha la kamera. Akatoa mtungi wa maji yaliyotulia, akayakoroga kwa kipande cha shabu, tukasubiri mpaka yakang'aa. Tukayajaza mfukoni.

Kesho yake asubuhi tuliuzamisha ule mfuko ubavuni mwa mnara, ukikandamiza zege. Flashi ikawaka chini kwa chini. Nilipoutoa, kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na namba mbili, nyekundu, na rangi iliyotiririka wakati wa kupakwa. Nikashuka zaidi. Namba moja. Nikashuka chini yake, kushoto, kulia, mpaka ufito ukagonga sakafu. Zege. Zege tupu, na alama za mbao za mafundi zimejichora juu yake, bila tundu la kupita hata panya. Chujio halikuibwa kwa sababu halikuwa na pa kufungwa. Kile kipande cha bomba chenye koki upande wa pili kilikuwa kimechomekwa kwenye udongo wa tuta ili watu wapige vigelegele.

Nilimwonyesha baba. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akanirudishia. Nilitaka apige kelele, nilimtaka achukue fimbo. Alikwenda zizini akawaangalia ng'ombe wake.

Jumamosi mkutano ulifanyika lamboni kwenyewe. Kijiji kizima kilikuja. Filipo alikuja na gari lake jeupe, na injinia wa wilaya alishuka kutoka garini humohumo, jambo ambalo watu waliliona na hakuna aliyelisema. Alikuwa kijana msafi, kitambulisho kimening'inia shingoni. Bartolomayo alianza moja kwa moja na ng'ombe. Nikasimama nikasema nina picha.

Nilipita na kamera kwa mtu mmoja mmoja, wazee kwanza. Namba mbili, namba moja, zege tupu. Watu wakaanza kunung'unika, na Filipo akaanza kujifuta jasho. Injinia akaniomba kamera, akabonyeza huku na huku.

"Mama, negativu ziko wapi?"

"Hii ni ya dijitali. Haina negativu."

"Basi hii si ushahidi." Aliongea na umati, hakuongea na mimi. "Ndugu wananchi, hizi ni picha za kompyuta. Mtu akiwa na studio mjini anaweza kuweka hapa chochote, hata kumweka mzee Bartolomayo mwezini. Picha isiyo na negativu ofisi haiitambui. Na kazi hii niliikagua mimi mwenyewe, nikasaini hati ya kukamilika."

Wengine wakacheka, kwa ajili ya mwezi. Bartolomayo akasema, "Tuendelee." Sijui niseme nini kuhusu hasira niliyokuwa nayo dakika ile. Nilikuwa nimechagua kamera ile kwa sababu ndiyo pekee niliyoimudu, na kwa sababu ingeonyesha palepale, na sasa kuonyesha palepale ndilo lilikuwa kosa lake. Sikufikiri. Nilimwendea, nikamvulia kitambulisho shingoni mbele ya watu wote, kama mama anavyomvua mtoto kofia kanisani.

"Wewe mwanamke!"

"Umesema niliziweka mjini. Hiki kilikuwa mjini na mimi? Mama, nipe mpira."

Nilikifunga kitambulisho chake nje ya mfuko wa maji, uso ukitazama lenzi. Nikamwekea ufito mikononi. "Shika wewe. Mimi sigusi. Bonyeza hapo, zamisha chini ya namba moja, hesabu kumi."

Filipo akasema mkutano umegeuka mchezo na wao wana safari ya Mpwapwa. Lakini watu walikuwa wameshazingira daraja, wanawake wakiwa mbele, wale waliobeba mchanga, na hakuna aliyewapisha. Injinia akatazama gari, akatazama umati. Akapiga magoti kwenye zege kwa suruali yake safi. Nadhani alitumaini itatoka chai ya maziwa. Akabonyeza, akazamisha, na kijiji kizima kikamhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi.

Akautoa. Alitazama kioo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikaona: uso wake mwenyewe kwenye kitambulisho, tai imekaa vizuri, jina na cheo vinasomeka, mguu wa ile namba moja nyekundu juu yake, na pembeni yake na chini yake zege tupu ambalo alisaini kwamba lina bomba.

Alibaki amepiga magoti. Halafu akageuza uso kwangu akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba, "Ifute hiyo."

Alidhani amenong'ona. Lakini watu walikuwa wamenyamaza kumsubiri, na juu ya maji sauti hutembea. Neno lile lilimfikia Bartolomayo, likawafikia wazee waliokuwa kwenye tuta, likamfikia Filipo aliyekuwa ameshashika mlango wa gari. Hakuna aliyehitaji kuitazama picha tena. Picha ya kompyuta ya kumweka mtu mwezini, nani angehangaika ifutwe?

"Isifutwe."

Alikuwa baba. Alisema pale alipokuwa amesimama, nyuma kabisa ya watu, kwa sauti ileile ya miaka ishirini ya kufungua mikutano, inayofika mpaka shuleni. "Mbukwenyi," akawasalimu, kama ndiyo kwanza mkutano unaanza, na watu wakaitikia, wote, hata Bartolomayo. Kisha akatembea, wakampisha njia, akaja mpaka darajani akasimama juu ya injinia aliyekuwa bado magotini. "Mimi nilisaini bila kuona, kwa sababu ya adabu. Wewe ulisaini kwa sababu gani? Simama utuambie."

Maji hayakutoka bombani siku ile, wala mwezi ule. Akina mama waliteremka na ndoo zao topeni pamoja na ng'ombe, kama siku zote, na ng'ombe wetu saba walikuwa miongoni mwao.